Shemeji wa Tarumbeta

Kinyozi alikuwa ameshamnyoa shemeji yake nusu ya kichwa, shemeji aliposema: "Mimi uwanjani nitarudi timu ikianza kushinda. Siendi kujitafutia presha."

Kinyozi akazima mashine.

"Jumamosi nilimzomea kipa baada ya bao la nne. Akageuka, akanijibu kwa sauti ya chini kabisa, na nikamsikia! Majukwaa ni matupu, shemeji. Unajua aliniuliza nini? 'Yule shemeji yako wa tarumbeta yuko wapi?'"

Shemeji akapapasa upande ambao haujanyolewa. "Haya, nimalizie basi, kuna watu wananisubiri."

Kinyozi akaitundika mashine ukutani, akaketi, akafungua gazeti.

"Kichwa chako kikianza kupendeza, nitarudi."