Wanaoafiki Wanyooshe Mkono

Kila Jumatano mchana klabu ya huduma ilikutana katika ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la samani la Mwenyekiti. Ngazi zilikuwa nyembamba, na harufu ya vanishi ilipanda pamoja na watu mpaka mezani, ikatua juu ya kuku na wali. Kwanza kengele, kisha wimbo wa klabu, kisha sala fupi isiyomtaja Mungu kwa jina ili asikwazike mtu. Aliyesahau beji nyumbani aliadhibiwa kwa kuimba peke yake. Wanachama walicheka, wakala, wakasikiliza taarifa za wema wao.

Fundi Cherehani alikuwa mwanachama pekee asiye na gari. Walimpokea mwaka ule klabu ilipojenga chumba cha ushonaji kule bondeni, kwa sababu picha ya ufunguzi ilihitaji mtu wa bondeni aliyevaa beji. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho yaliyozoea tundu la sindano na mdomo usiojua kuzungukazunguka. Mdogo wake, Mfamasia, alikuwa mwanachama wa siku nyingi zaidi. Walikaa meza tofauti. Yeye alikaa karibu na mlango wa jikoni. Mdogo wake alikaa karibu na feni.

Jumatano hiyo Fundi alipanda na chupa ya maji, akaisimamisha juu ya meza kuu, kando ya kengele. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala.

"Haya ni ya kisima chetu," alisema. "Kile tulichowachimbia watu bondeni. Nyuma yake kuna vyoo vya soko. Tangu mvua zianze watu wanaharisha. Juzi mwanafunzi wangu wa ushonaji amezika mtoto wake."

Mwenyekiti alikuwa mkandarasi, na kampuni yake ndiyo iliyochimba kisima. Mahali palipopangwa mwanzo, juu kidogo, mbali na vyoo, sasa palikuwa na ghala lake la mbao. Ukumbi mzima ulilijua hilo. Halikuwa jambo la kusemwa watu wakiwa wanakula.

"Dada yangu," alisema Mwenyekiti, kwa sauti ya mtu anayemsogeza paka kwa mguu, "usituharibie hamu."

"Kunywa basi. Ukinywa wewe, nami nakaa kimya."

Hakuna aliyesogeza bilauri. Wakili alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema mwanachama huyu ameivunjia klabu heshima mbele ya wahudumu wa chakula, na anatoa hoja aondolewe. Daktari wa Meno aliunga mkono huku anatafuna.

"Wanaoafiki wanyooshe mkono," alisema Mwenyekiti, akaunyoosha wa kwake wa kwanza.

Mikono ilipanda meza baada ya meza. Wa Mfamasia ulifika usawa wa sikio, ukasita. Alikuwa anautazama mfupa wa kuku kwenye sahani yake kama vile umemwita.

"Mfamasia, huko nyuma hatukuoni vizuri," alisema Mwenyekiti.

Akaunyoosha wote.

Fundi alimtazama muda wa kutosha mtu kutunga uzi. Kisha alichomoa beji kifuani, akaiacha kwenye sahani juu ya wali, akashuka ngazi bila kuaga.

"Ahsanteni," alisema Mwenyekiti. "Mnaweza kushusha."

Mikono haikushuka.

Hakuna aliyepiga kelele. Walingoja kidogo, kama watu wanavyongoja umeme urudi. Daktari wa Meno alimbonyeza jirani yake begani, akatoa maelezo kwamba mifupa iko sawa na mishipa iko sawa, ni mkono tu haujamaliza kusema. Walikula matunda kwa mkono wa kushoto. Mwenyekiti alipiga kengele ya kufunga kikao kwa mkono huohuo, na Katibu akasema kikao kimekwenda vizuri.

Siku zilizofuata mji uliwazoea. Wanachama waliendesha magari mkono ukiwa nje ya dirisha; Mwenyekiti, aliyependa kiyoyozi, alimwamuru fundi wa gereji amtobolee paa la gari. Wakili aliona faida yake mahakamani, maana kila hakimu alipoinua macho alimwona anaomba kusema, akampa nafasi. Daktari wa Meno alijifunza kung'oa kwa mkono wa kushoto, na walioumia taya walivumilia. Watoto wa bondeni waliwapa wanachama jina la Mabirika kwa sababu ya umbo lao. Watu wazima walilicheka jina hilo kwa sababu nyingine: wao walikumbuka birika la chooni.

Tatizo lilikuwa mashati. Hayakuvalika. Wake za wanachama walijaribu kwa mafundi wa mjini, wakarudishiwa vitu kama mifuko ya viazi. Mwishowe waliteremka bondeni, mmoja mmoja, mpaka chumba cha ushonaji. Fundi aliwapokea wote. Alipasua mshono wa bega, akaweka vifungo upande, akakata kwapa upya ili mkono usimame bila kuvuta kola. Hakuuliza kitu, nao hawakueleza kitu. Walikaa kwenye benchi, mikoba mapajani, macho yao yakikwepa cherehani ya dirishani, alikokaa yule mwanafunzi aliyezika. Mmoja tu alimwambia pole. Mwanafunzi alisema ahsante, akamrudishia shati, akainamia kazi yake.

Mfamasia hakuwa na mke wa kumtuma. Alikuja mwenyewe siku ya mapumziko, shati limechanika kwapani.

"Hodi, Dada."

"Umekuja kama mteja au kama ndugu?"

"Vyote."

"Chagua kimoja. Viti ni vichache."

Alibaki amesimama. Mkono wake uligusa boriti ya paa.

"Unauma?" aliuliza Fundi.

"Hauumi. Umekufa ganzi tu. Usiku ndiyo taabu, sijui niulaze wapi."

"Dawa ya tumbo unamuuzia nani siku hizi?"

"Anayeumwa."

"Anatoka wapi?"

Mfamasia alitazama mlango. Nje watu walipita na ndoo.

"Bondeni," alisema.

"Kwa hiyo ulijua kabla yangu."

"Nilijua, Dada."

"Na mkono ukaupandisha."

"Duka ni la Mwenyekiti. Nimepanga tu. Ningefanyaje? Angenitoa kesho yake, dawa zote barabarani. Wewe una cherehani yako, huna wa kukutoa."

Fundi aliacha kushona. Mguu wake ulibaki juu ya pedali.

"Wanasema mkono mmoja haulei mwana," alisema. "Mimi nilikulea kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa hapa kwenye gurudumu. Mama alikuacha hujui hata kujipangusa. Sikukudai shukrani, na leo sikudai. Ila usije kunisimulia habari ya kufanyaje."

"Nitatoa hoja wakurudishe."

"Nirudi nikale kuku na nani? Toa hoja ya kisima. Kifungwe, kichimbwe pale pa mwanzo. Hiyo ikipita, mkono utashuka wenyewe."

"Na shati?"

"Mkono ukishuka, shati la nini?"

Akakanyaga pedali, na cherehani ikafunika jibu la Mfamasia. Aliondoka vile alivyokuja, upepo ukiingia kwapani.

Jumatano iliyofuata, baada ya wimbo, Mfamasia alisimama. Maneno yalitoka yote: kisima cha bondeni kinaua watu, kifungwe, kingine kichimbwe mahali palipopangwa. Katikati ya maneno hayo uma ziliacha kugonga sahani.

Mwenyekiti hakukasirika. Alifuta mdomo kwa kitambaa.

"Hoja imesikika. Wanaoafiki wanyooshe mkono."

Mikono yote ilikuwa juu. Hata wa Mwenyekiti ulikuwa juu, umetulia ndani ya shati lililoshonwa bondeni. Mfamasia aliuzungusha uso wake ukumbi mzima, na kwa muda mfupi akaonekana kijana tena.

"Imepita," alisema.

"Subiri. Wanaopinga wanyooshe mkono."

Mikono yote ilikuwa juu.

Wakili alisimama, akaeleza kwa utulivu kwamba pande mbili zimelingana, na zikilingana, katiba ya klabu inampa Mwenyekiti kura ya kuamua. Mwenyekiti alishukuru kwa ufafanuzi, akasema anapinga.

"Lakini waulizeni kwa mdomo!" alisema Mfamasia. "Mmoja mmoja. Waulizeni!"

"Katiba inatambua mikono," alisema Wakili. "Midomo haitambui."

"Daktari, wewe uliniambia mwenyewe pale dukani..."

Daktari wa Meno alikuwa amejaza mdomo. Aliutafuna wali ule kwa bidii kubwa, na hakuumeza mpaka Mfamasia alipomaliza kumtazama.

"Kaa chini, kijana," alisema Mwenyekiti. "Mkataba wa duka tutazungumza baadaye. Wewe ni mtu wetu. Mtu wetu hatupwi." Kisha akaongeza, watu wakiwa wameshaanza kucheka, "Labda mkono wake ushuke."

Mfamasia alikaa. Aliletewa sahani, akala.

Tangu siku hiyo vikao vilikwenda haraka. Kila hoja iliafikiwa na wote na kupingwa na wote, na Mwenyekiti akaamua. Waliopenda kuwahi kazini walisema klabu haijawahi kuwa na utaratibu mzuri kama huu.

Fundi alizipata habari kwa mhudumu wa jikoni. Hakulia. Alijitanda kanga yake, akaenda ofisi ya maji. Afisa wa maji alimsikiliza mpaka mwisho, akasema suala ni zito na linamgusa sana. Alikuwa ameketi nyuma ya meza, mkono wake wa kulia juu, mpya kabisa. Shati lilikuwa bado na mshono wa zamani, limemvuta mpaka kitovu kikaonekana. Jumatano iliyopita alikuwa amekula kiapo cha uanachama.

"Kisima si chetu, mama," alisema. "Ni msaada. Msaada haukaguliwi."

"Hata ukiua?"

"Ukiua ni bahati mbaya. Ukikaguliwa ni dharau."

Fundi alitazama lile shati muda kidogo.

"Hilo usililete kwangu," alisema, akatoka.

Baadaye walikuja wageni kutoka makao makuu ya klabu, wanaume wawili waliovaa suti na mwanamke aliyebeba kamera. Walipopanda ngazi na kukuta ukumbi mzima umenyoosha mikono, walidhani ni salamu ya mahali hapo, nao wakanyoosha. Ya kwao ilishuka bila taabu, maana wao walikuwa hawajaamua kitu. Waliisifu klabu kwa umoja wake. Waliacha kikombe cha fedha chenye maandishi, wakapelekwa bondeni kupigwa picha kisimani. Mwanamke wa kamera aliomba watoto wasogee mbele. Waliosogea ni wale walioweza kusimama.

Mfamasia alichaguliwa kuwa makamu mwenyekiti. Duka lake lilipakwa rangi upya. Shati alikuwa amepata, la fundi wa mjini, limemkaa vibaya, na mbele za watu alisema anaona raha nalo. Kwa dada yake hakurudi. Akimwona mtu wa bondeni ameingia dukani ameshika tumbo, alimwambia msaidizi amhudumie, yeye akaenda stoo kupanga maboksi yaliyokwisha pangwa.

Alasiri moja alifunga duka mapema, akasimama kando ya barabara akingoja magari yapungue avuke. Basi lilikuja, likasimama mbele yake.

"Twende, mzee, panda!" alisema kondakta.

"Sijasimamisha."

"Na huo mkono ni wa nani?"

Abiria walianza kufyonya. Mtu wa dirishani alimwambia asiwapotezee muda, kama hana safari aushushe. Nyuma magari yalipiga honi. Mfamasia aliangalia kulia na kushoto, akaona aibu, akapanda.

Paa lilikuwa chini, kwa hiyo walimkalisha dirishani, mkono nje. Basi liliteremka bondeni. Lilipunguza mwendo karibu na soko, hapo njia inapobana, likapita kando ya kisima. Foleni ilikuwa ndefu, kwa sababu jua lilikuwa kali na maji mengine hayakuwepo. Fundi Cherehani alikuwa ndani ya foleni hiyo na ndoo yake. Maji ya kwake aliyachemsha, akawahimiza na wengine wachemshe, ila kuni zilikuwa ghali na wenye kiu ni watoto.

Mwanamke aliyesimama nyuma yake alimgusa bega.

"Yule kwenye basi si mdogo wako? Anakupungia."

Fundi aliutazama mkono ule ukipita juu ya vichwa vya watu, umenyooka, vidole vimeshikana.

"Hapungi," alisema. "Ameafiki."

Akaisogeza ndoo yake chini ya bomba, maana zamu yake ilikuwa imefika.