Tunameza, Daktari

Baba yangu, Ta Byabato, alikuwa na mshipa kwenye kipaji cha uso uliosimama kila alipokasirika. Tangu siku tuliyotoka hospitali kule Bukoba, sikuweza kumtazama usoni bila kuutazama mshipa ule kwanza. Mimi ni mwalimu, nimezoea kukaripia watoto wa watu mchana kutwa, lakini mshipa ule ulinitia woga hata nikawa nanong'ona nyumbani kwetu.

Daktari Kamugisha, kijana wa kwetu aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, alikuwa ametueleza bila kuficha. "Mzee, una presha, na mishipa yako ya damu imezeeka kukuzidi wewe mwenyewe. Mpira wa baiskeli ukipigwa jua miaka mingi hukauka, halafu hupasuka. Vidonge hivi havitakurudishia ujana, ila vitaipunguzia mishipa mzigo, isizidi kuzeeka haraka. Usipovimeza, siku moja utapasukia kichwani."

Hakuhitaji kurudia. Babu yangu alianguka kibanjani, mundu mkononi, mdomo umepinda upande, na hakusema tena neno mpaka tukamzika. Nilimwona kwa macho yangu.

Tulirudi Muleba na vidonge. Baba akavitia kwenye kikapu kidogo cha amwani, ile kahawa ya kutafuna tunayowakaribishia wageni, nami nikaridhika, maana kikapu kile hakilali bila kuguswa. Kila asubuhi nilipotoka kwenda shuleni nilimwacha amekipakata.

Lakini presha haikushuka. Kila tulipokwenda Bukoba, daktari alimfunga baba kitambaa mkononi, akapiga pampu, akakunja uso.

"Mzee, unameza vidonge?"

"Tunameza, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku, waitu. Tunameza."

Daktari akaongeza dozi. Mimi nilidhani baba anasema "tunameza" kwa adabu, au ananihesabu na mimi ninayemkumbusha. Sisi Wahaya Kiswahili tumekikuta darasani, na baba darasa hakulikalia sana. Njiani, kila basi liliporuka shimo, nilimshika kichwa kwa mikono miwili, abiria wakacheka.

Asubuhi moja watu wakaja mbio shuleni kuniita. Aliyeanguka hakuwa baba. Alikuwa Ta Mutembei, jirani yetu na rafiki wa baba tangu ujana, mzee mzima kama fahali, ambaye hata mafua yalimkwepa. Alikuwa akipalilia shamba la ujamaa la kijiji, akainuka kunyoosha mgongo, akadondoka. Tulimpakia kwenye lori la kijiji tukampeleka Bukoba. Njia nzima baba alimshika mkono, mshipa umesimama, nami sikujua nimwogopee nani.

"Presha yake iko chini mno," alisema Daktari Kamugisha. "Huyu amemeza nini?"

Baba alinivuta nje, ukutani.

"Amemeza fungu lake," alisema.

"Fungu gani, Tata?"

Ndipo aliponieleza jambo ambalo nyumbani halikuwahi kutajwa, kwa kuwa padre alilikataza. Yeye na Mutembei walikuwa wamefunga omukago, undugu wa damu. Walichanjana karibu na kitovu, kila mmoja akachovya punje ya kahawa katika damu ya mwenzake, akaimeza. Tangu siku hiyo Mutembei ni munywani wake, damu yao ni moja.

"Daktari amesema damu yangu inaumwa. Damu yangu si yake? Ningemezaje peke yangu? Kila kidonge tulikigawana nusu kwa nusu. Anayemlia mwenzake fungu, kiapo humvimbisha tumbo mpaka afe. Nilimwona mtu aliyevimba hivyo, Alistidia. Nilimwona." Akajaribu kucheka. "Na hata serikali si inasema tugawane sawa?"

Nilimwendea daktari nikamwambia yote. Naye aliogopa, nilimwona. Akasema Mutembei akimeza tena anaweza asiamke, na baba akiendelea na nusu, mshipa hautamsubiri.

Baba aliposikia hayo, akafunga kinywa. Nusu hataki, kizima hataki. "Afadhali nipasuke kichwa kama baba yangu kuliko kuvimba kama msaliti." Nilipiga magoti. Nilisali rozari. Nilikitukana kiapo chao kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Hakuna kilichosaidia. Mutembei akarudishwa nyumbani, na baba bado hajameza kitu. Kisha kikombe cha chai kikamponyoka, naye akabaki anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Nilikimbia hadi kwa Ta Mutembei. Alikuwa amelala mkekani, dhaifu bado. Nilimwambia kila kitu, nikilia kama mtoto.

"Mawe, mama yangu!" alisema. "Kumbe vile vidonge vilikuwa vyake? Yeye aliniambia ni vyetu." Akajiinua kwa kiwiko. "Niinue, mwana wange. Polepole."

Tulivuka migomba, ameniegemea. Alipoketi mbele ya baba alinyoosha mikono yote miwili.

"Munywani wangu, nipe fungu langu."

Baba akafungua kikapu, akavunja kidonge, akampa nusu. Nilitaka kuruka nimzuie, Mutembei akanikata jicho.

"Nimepokea. Ni mali yangu?"

"Ni mali yako."

"Mali yangu nampa nimtakaye." Akamrudishia baba ile nusu, kwa mikono miwili. "Pokea. Au unaukataa mkono wa munywani wako?"

Kuukataa mkono ule nako ni kuvunja kiapo. Baba aliikodolea macho ile nusu, jasho linamtoka. Kisha akazitia zote mbili mdomoni, akanywa maji.

"Nimemeza," alisema polepole, kama anayejaribu neno geni.

Mara akafungua vifungo vya shati, akaweka kiganja juu ya tumbo, akakaa anasikiliza. Nikakaa karibu naye. Yeye alikuwa akililinda tumbo, mimi nikiulinda mshipa, na Ta Mutembei akitulinda sote wawili. Hakuna aliyethubutu kuondoka.