Pikipiki Mbili Sakafuni

Saa nzima muuzaji alizinadi pikipiki mbili kama baba anayeozesha mabinti, mpaka nesi wa chanjo aliyekuja dukani kununua moja akaumwa kichwa. Zote zilikuwa za pistoni moja, zote za barabara za lami na za vumbi. Nyekundu ilikuwa nyepesi, yenye tangi dogo. Ya kijivu ilikuwa na kioo cha kuzuia upepo, tangi la kwenda mbali, na uzito wa ng'ombe aliyeshiba.

"Dada, chukua ya kijivu. Ukikaa juu yake, umekaa."

"Na ikianguka?"

"Hii haianguki, dada yangu."

Nesi alicheka. Njia ya zahanati yake ilikuwa imemwangusha mara nne mwaka huo. Akatandaza maboksi sakafuni, akailaza nyekundu taratibu, akaiegemea kwa kiuno, akaisukuma juu ikasimama. Kisha akailaza ya kijivu. Alisukuma hadi jasho likamtoka, haikutikisika.

"Nipe nyekundu, kaka," alisema, akavaa helmeti.

Muuzaji aliishika ya kijivu usukani, akavuta, akapumzika, akavuta tena.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "kabla hujaondoka, hebu nishikie upande huu."