Zamu ya Wakio

Wakio hakuwa na mama. Hakuwa na viatu, wala gauni jeupe, wala Katekisimo yake mwenyewe; alisomea ya bibi yake, ambayo panya walikuwa wamekula Amri ya Nane yote. Hakuwa na kimo. Na mwaka ule wa 1956 hakuwa na miaka kumi na minne, ambayo kanisa letu la Kilutheri pale Bomeni lilitaka kabla ya kipaimara. Alikuwa na kumi na miwili. Na bila kipaimara, mtu haendi kwenye Meza ya Bwana.

Angeweza kungoja, lakini mjomba wake Danson, fundi wa reli, alikuwa anakuja Krismasi kumchukua yeye na bibi yake wakaishi Voi, na Voi hatukuwa na kanisa. Mchungaji wetu alikaa Moshi, akivuka mpaka kila Novemba kuwabariki vijana kwa kipaimara.

Basi bibi yake, Jerusha, akaleta shauri kwa wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa mwandishi wao. Nilijifunza kuandika katika shule ya jioni nikiwa tayari na ndevu, na hati yangu haikuwa na mfano Taveta nzima.

Mwenyekiti, Mzee Obadiah, alimtazama Wakio pale mlangoni. "Huyu? Akipiga magoti, mchungaji atadhani anabariki hewa."

"Nawe ulibarikiwa una mvi," akasema Mzee Kituku.

"Ndiyo maana nilijua ninachopokea. Mtoto atadhani ni mkate wa chai."

Jerusha akauliza polepole, "Baba Obadiah, zamu yako ya maji yafuata ya nani?"

Kwetu mfereji hupita shamba kwa shamba, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia maji. Anayeshika zamu huhesabiwa mtu mzima: huketi barazani na wenye mfereji, na akiiba maji hutozwa mbuzi kama mzee yeyote. Tangu mama yake afariki, zamu ya nyumba ile ilikuwa mikononi mwa Wakio, maana Jerusha hakuweza tena kuinua jembe.

"Yafuata ya huyu," akajibu Obadiah.

"Amewahi kukupunja?"

"Hajawahi. Hata alipokuwa na homa alikuja kufunga kwake, meno yakigongana."

"Basi mmemwamini kwa maji, mnamnyima kikombe?"

"Maji ya mfereji si damu ya Bwana, mama."

Obadiah akamwita msichana karibu.

"Mjukuu wangu, miaka miwili si mingi. Kwa nini usingoje?"

"Kungoja naweza, babu. Zamu ikinipita hapa, nangoja nyingine. Lakini Voi nitangojea mfereji gani?"

Obadiah akanigeukia.

"Andika ana kumi na minne," Kituku akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika na wote. "Nani atamhesabu meno?"

"Ataandika kumi na miwili," akasema Obadiah. "Sheria si yangu, siwezi kuivunja. Kuomba naweza. Mwandikie mchungaji amjaribu huyu pamoja na wakubwa. Sema mimi, ninayepokea maji baada yake, namdhamini. Akishindwa kujibu, mchungaji aniulize mimi."

"Wewe utajibu?" akauliza Kituku.

"Nitaanza kusoma leo."

Niliandika barua palepale, nikawasomea. Nilikuwa nimepamba mwisho kwa maneno ya unyenyekevu. Obadiah akaniambia niyaondoe, nikaandika upya. Akatia sahihi yake taratibu, herufi moja moja.

"Atakubali?" Wakio akaniuliza.

"Sijui. Lakini ataisoma."

Niliigundisha bahasha kwa uji mzito aliouleta Jerusha, nikaibana kwa kidole gumba hadi ikashika. Kisha tukaenda stesheni sote watano, nikaikabidhi kwa gadi wa treni ya Moshi.