Sentensi ya Kila Asubuhi

Kalamu ilianza vizuri, ikayumba, kisha ikaburuta mstari mrefu hadi ukingoni mwa karatasi. Mke wangu akaitazama karatasi, akamtazama daktari, akatabasamu kwa adabu kama mgeni aliyeulizwa mambo ya nyumba isiyo yake.

Juma moja kabla ya hapo alikuwa akicheka. Madaktari walikuwa wametoa seli za kinga katika damu yake na kuzipeleka maabara zikafundishwe kuitambua saratani yake, ambayo siku zote ilizipita kama jamaa wa nyumbani. Zikarudi katika mfuko mdogo ambao haungejaza kikombe cha chai, zikadondoshewa mshipani mwake.

"Kumbe nazo zimesoma shule ya usiku kama wewe," aliniambia. "Basi tutakoma kwa maringo!"

Daktari, binti mpole wa rika la kitinda mimba wetu, alitueleza kwamba seli hizo zikichachamaa huweza kuuvuruga ubongo. Ndiyo maana kila asubuhi mgonjwa aliandika sentensi moja, yoyote aipendayo; mwandiko ukiharibika, wanajua mapema. Mke wangu akanifanya mimi kuwa somo. *Mume wangu anakoroma. Mume wangu anadhani anajua kupika.* Nilipomsahihisha herufi kubwa, alinifinya.

Asubuhi ile ya mstari, daktari alinionyesha kwa mkono. "Mama, huyu ni nani?"

Alinitazama kwa makini, kwa huruma hata.

"Ni mtu mwema," alisema.

Wakamtundikia dawa ya kuzituliza seli zile. "Wengi hurudi, baba," daktari aliniambia. Hakusema wote, nami nilishukuru kwamba hakunidanganya.

Nilikaa. Nilimshika mkono nikamsimulia habari zetu tangu uchumba, hata zile ambazo mwenyewe huzikanusha. Niliogopa kutoka hata kunawa uso, asije akazinduka akamkuta mtu mwingine kitini, akamzoea huyo.

Siku zikapita. Mchana mmoja nikasikia vidole vikinipapasa shavu. Vikasimama.

"We mzee," alisema kwa sauti iliyokauka, "mbona umeacha ndevu kama mtu asiye na mke?"

Nikaenda kunyoa. Maji ya bomba yalikuwa baridi, nami nilikuwa na haraka. Nikajikata kidevuni, nikarudi mbio ili anigombeze.