Sahani Moja, Mifuniko Inayohama

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya sahani ya maabara, ile ndogo ya plastiki tunayooteshea bakteria, na mfuniko wake umeandikwa CHUO KIKUU. Sikushangaa. Nilikuwa na muda wa kujibu mpaka leo saa sita mchana: nibaki kufundisha chuoni, au niende kiwanda cha mtindi kilichoniita.

Profesa Nyagawa, mkuu wangu wa idara, ananichungulia kutoka juu. "Dokta Sekela, hapa uko huru. Uliza swali lolote."

Nauliza: kwa nini bakteria wangu wa mtindi hawafi kwa joto? Kabati linafunguka, linalimeza swali, linajifunga.

"Utajibiwa kikao kijacho," linasema kabati. "Leo akidi haijatimia."

Mkono unabadilisha mfuniko. Sasa umeandikwa KIWANDA, nami nimesimama katikati ya ndoo za mtindi. Meneja, Bi Mwantumu, ananifunga kufuli mdomoni kwa adabu zote.

"Siri ya kampuni, mwanangu. Lakini tazama."

Foleni ya watoto inakunywa mtindi uliokaa siku nne bila friji. Nililia kwa furaha, tena kwa pua, maana mdomo haukuwa wangu.

Mfuniko ukabadilishwa, kufuli likabaki kiwandani. Ukabadilishwa tena. Chuo, kiwanda, chuo. Jamani, nilichoka, na hasira zikanipanda.

"Nani kakuandika kwenye mfuniko?" Ni bakteria wangu, wamekaa safu kama jopo la usaili. "Wanafunzi wa mwaka wa kwanza unawagombeza kwa kosa hilohilo. Mifuniko huhama. Jina huandikwa chini ya sahani. Haya, inua mguu."

Nikainua. Wakaniandika unyayoni kwa wino wa bluu, wakibishana kuhusu mwandiko: KWA NINI HAWAFI?

"Huyo ndiye wewe," wakasema.

"Na nyinyi mngependa kwenda wapi?"

"Kwa wale watoto. Ila usiache kutuuliza."

Niliamka saa moja asubuhi. Kabla hata ya chai nikampigia Bi Mwantumu: nakuja, lakini kila Ijumaa nitakuwa chuoni na wanafunzi wangu, na swali langu nakuja nalo.

"Njoo nalo," akasema.

Nilifurahi mno, nikaanza kutandika kitanda. Upande wa miguuni, shuka lilikuwa na wino wa bluu, herufi zimegeuka kinyume. Nimelikunja nikaliweka. Silifui.