Glopu ya Grace

Nguzo za umeme zilipofika kijijini, Mzee Andongwisye alikuwa haoni tena. Jua alilijua kwa kulihisi usoni, na watu aliwajua kwa sauti zao. Mjukuu wake Ferista ndiye aliyekuwa macho yake, akimsimulia kila hatua: leo wamechimba mashimo, leo wamesimamisha nguzo, leo wamevuta waya.

"Basi moto umefika," mzee akasema.

Yeye hakusema umeme. Ujana wake wote aliumaliza akitunza dinamo ya misheni moja kule milimani, mashine ndogo iliyozungushwa na maji ya kijito, na maneno yake yalibaki ya kulekule. Umeme kwake ulikuwa moto. Betri za tochi zilikuwa mawe. Balbu ilikuwa glopu, na kile kinywele kinachowaka ndani yake aliita uzi. Ferista alikulia katika maneno hayo. Mama yake, Grace, alifariki yeye akiwa darasa la nne. Akaacha shule, akabaki na babu.

Chini ya kitanda cha mzee kulikuwa na kopo la maziwa, ndani yake pamba, na ndani ya pamba glopu moja ya zamani. Grace alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, katika baridi kali, kimtoto kisichojaza hata kofia. Mkunga wa misheni alimlaza kwenye kasha, akaning'iniza glopu hiyo juu yake impe joto, na baba mtu akakesha kwenye dinamo isije ikasimama. Mtoto akapona. Miaka mingi baadaye, dinamo ilipokufa kabisa, mzee aliomba apewe glopu tu.

"Nataka iwake mara moja tena," alikuwa akisema, "niweke mkono pale chini yake. Nitakuwa nimemshika mwanangu. Baada ya hapo Mungu anichukue."

Na kifua chake kilikuwa kikikoroma vibaya tangu mvua za mwisho. Ferista alisikia kila pumzi.

Fundi Mika alikuja kutoka Tunduma na vijana wake kufunga waya nyumbani mwao. Ferista aliwapelekea uji, akasimama mlangoni, akiwa na swali alilolibeba tangu asubuhi.

"Kaka, eti glopu ya zamani ikiwekwa kwenye..."

"Ikiwekwa nini?" Kijana mmoja aliangua kicheko juu ya ngazi. "Glopu! Fundi, umesikia? Dada anataka glopu! Na karabai tukuletee?"

"Mwache bwana," Mika alisema, lakini na yeye alikuwa akicheka. "Ulikuwa unauliza nini, dada?"

"Hamna kitu."

Akaokota vikombe, hata ambavyo havijaisha uji, akaondoka.

Jioni umeme ukawashwa. Jirani yao Jilala, mfugaji, alikuwa wa kwanza kuja kujisifu. Alikuwa amenunua redio kubwa ya kuchomeka ukutani. "Mzee, hii haili betri hata moja! Ni waya tu!" Kisha akarudi kwake mbio, kana kwamba redio ingemtoroka.

Ferista akamkalisha babu yake kwenye kigoda chini ya taa mpya. Mzee akainua mkono, akapapasa hewa.

"Imewaka?"

"Imewaka, babu."

"Mbona baridi? Huu si moto, mwanangu. Niletee yangu."

Ferista akaitoa kwenye pamba. Akazima taa, akapanda juu ya benchi, akaondoa ile mpya, akaifunga ile ya zamani. Ikaingia bila shida, kana kwamba imerudi kwao. Mzee alikuwa ameshainua kiganja. Ferista akanyoosha mkono ukutani, akabonyeza swichi.

Nyumba ikajaa weupe mkali. Ukasikika mlio mdogo, kama punje ya mahindi inayopasuka kikaangoni, na giza likarudi.

"Nimeuona!" mzee akapaza sauti. "Ferista, nimeuona kiganjani, jamani!" Kisha, mkono bado juu: "Mbona umezima?"

Fundi Mika alikuja kumweleza Ferista siku nyingine, bila kucheka, kwamba ile glopu ilitengenezwa kwa moto mpole wa dinamo, na huu wa nguzo ni mkali mara mbili. Lakini wakati ule aliona tu, kwa mwanga hafifu wa dirishani, kwamba kioo kimekuwa cheusi. Ulimi ukamtangulia.

"Umekatika, babu."

"Kijiji kizima?"

"Kijiji kizima."

Hapo redio ya Jilala ikafunguliwa, kwaya nzima kwa sauti ya juu, ikaingia kwa dirisha na mlango. Mzee akageuza sikio upande ule, akasikiliza ubeti mzima. Uso wake ukalegea polepole.

"Jilala huyo," akasema. "Redio yake inakula mawe, siyo?"

"Ndiyo, babu. Mawe."

"Haya. Basi tuusubiri."

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Ferista akashuka kwenye benchi, akapiga magoti, akauweka uso wake chini ya kiganja kile, pale ambapo joto lilipaswa kuwa. Mzee akaupapasa. Akakuta umelowa.

"Usilie, mama," akasema. "Uzi ukikatika haufungwi."

Kule kwa Jilala kwaya ikaendelea kuimba.